Shangazi, niache maabara au niache kwaya?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 29, mteknolojia wa maabara katika hospitali moja hapa Mwanza, na sasa namalizia shahada ya uzamili upande wa jenetiki. Nimekulia kanisani. Marehemu baba alikuwa mzee wa kanisa. Mimi naimba kwaya, na kila Jumapili kabla ya ibada nafundisha watoto.

Shangazi, nimechoka kuwa watu wawili. Chuoni mhadhiri wetu alituambia mbele ya darasa zima kwamba anayeamini Mungu na bado akajiita mwanasayansi hajamaliza kufikiri. Darasa likacheka, nami nikacheka. Jumapili iliyofuata mchungaji akahubiri kwamba mageuko ya viumbe ni uongo wa shetani, kwamba dunia haijafikisha hata miaka elfu saba, na kijana anayefundishwa hayo chuoni ayakimbie. Watu wakaitikia amina, nami nikaitikia.

Sikumwamini hata mmoja kati yao. Nimesoma habari za samaki aina ya furu wa ziwa letu hili la Victoria: ziwa lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita, likajaa tena, na humo wakatokea furu wa aina mamia kwa mamia wasiopatikana kwingine popote. Siwezi kujifanya sijui. Lakini siwezi pia kujifanya sikuguswa na kitu usiku ule baba alipokuwa anakata roho nasi tunamwimbia kando ya kitanda.

Mtoto mmoja wa darasa langu la Jumapili, ana miaka tisa, aliniuliza: "Mwalimu, na dinosaria waliingia kwenye safina ya Nuhu?" Nikamwambia tutaliangalia wiki ijayo. Wiki iliyofuata nikaja na wimbo mpya ili asipate nafasi ya kuuliza tena.

Hayo ningeyavumilia. Kinachoninyima usingizi ni mtoto wa dada yangu. Ana miaka sita na ana selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu. Kipimo cha kwanza nilikifanya mimi mwenyewe. Niliweka tone la damu yake kwenye kioo, nikatia sodiamu metabaisalfaiti, kemikali inayoondoa oksijeni, nikafunika, nikasubiri. Nilipochungulia kwenye hadubini, seli zilikuwa zimeanza kujikunja, moja, mbili, kisha uwanja mzima. Niliinua kichwa nikamkuta anachezea glavu niliyompulizia.

Tangu aanze dawa ya haidroksiyurea ametulia sana, ni muda mrefu hajalazwa. Mwezi uliopita dada alimpeleka kwenye mkutano wa maombi, na nabii akatangaza kwamba mtoto amepona. Sasa dada anataka kuacha dawa. Anasema kuendelea kumpa ni kumwonyesha Mungu kwamba hatumwamini. Nilipompinga akaniambia, "Shule imekuharibu, huna imani tena."

Naogopa huenda amesema kweli, Shangazi. Najua kwamba jeni hiyo inayomtesa mwanetu ndiyo inayowakinga na malaria kali watoto waliorithi nakala moja tu. Ndivyo uteuzi asilia unavyofanya kazi, kinachosaidia kuishi kinarithishwa zaidi, na swali hilo nimelijibu kwenye mtihani nikafaulu. Ila nikipiga magoti sijui nimwambie nini Mungu aliyeumba kwa njia hiyo. Waliosoma na bado wanasali, wanawezaje? Niache kipi?

Mteknolojia, Mwanza

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kulibeba hili peke yako.

Nianze na mtoto, mengine yatangoja. Dawa isiachwe. Wewe unajua kwamba haidroksiyurea haiponyi selimundu. Kazi yake ni kuusaidia mwili kutengeneza kwa wingi hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ile ya kichanga, ambayo huzizuia seli zisijikunje. Mtoto anaonekana amepona kwa sababu anaimeza kila siku. Ikikatizwa, kinga hiyo itashuka, maumivu yatarudi, na selimundu ina mambo mabaya kuliko maumivu. Kwa hiyo nenda kwa dada yako wiki hii. Usiende kubishana naye juu ya maombi. Ukimwambia kwamba maombi ni bure, atafunga mlango, na mtoto atabaki ndani.

Mimi ni Mwislamu wa Tanga, lakini nimefundisha baiolojia sekondari mpaka nikastaafu, na nimeishi na Wakristo kiasi cha kuijua Injili ya Luka. Wale wakoma kumi, Yesu aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani. Kwa torati ya Musa kuhani ndiye aliyekuwa akikagua ngozi na kutamka kwamba huyu ni safi, huyu bado. Uponyaji wenyewe haukukimbia ukaguzi. Basi mwambie dada yako: tumpeleke kliniki, apimwe hemoglobini upya, na mpaka daktari aseme, maombi yaendelee na dawa iendelee. Kipimo usikifanye wewe, afanye mwenzako, ili pasitokee neno baadaye. Mama yenu awepo. Na kama dada atakataa kabisa, daktari wa mtoto ajulishwe wiki hiyo hiyo, usingoje alazwe.

Sasa tuje kwako.

Mhadhiri wako amezungumza kama vile jambo hili halijawahi kuulizwa, na limeulizwa. Mwaka 1914 mwanasaikolojia James Leuba aliwaandikia wanasayansi 1,000 wa Marekani akiwauliza kama wanaamini Mungu anayejibu maombi. Karibu wanne katika kila kumi walisema ndiyo. Miaka 80 hivi baadaye Edward Larson na Larry Witham walilirudia swali lile lile, wakachapisha majibu mwaka 1997: bado karibu wanne katika kumi. Lakini nikueleze na upande wa pili, usije ukaambiwa na mwingine. Walipowauliza wanachama wa Akademia ya Taifa ya Sayansi ya huko, walio kileleni kabisa, waamini walikuwa kama 7 tu katika 100. Mhadhiri ana wenzake wengi. Haki ya kusema kwamba waliobaki hawajamaliza kufikiri hana.

Mtazame Abdus Salam wa Pakistani na Steven Weinberg wa Marekani, waliopata Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Sheldon Glashow mwaka 1979. Salam alikuwa mtu wa swala, na kwenye karamu ya tuzo kule Stockholm alisoma aya za Suratul-Mulk katika Kurani, zile zinazomwambia mtu arudishe macho mbinguni mara ya pili aone kama kuna kasoro. Weinberg hakuwa na dini yoyote na hakulificha. Kila mmoja alikokotoa kivyake namna kani ya sumakuumeme na kani dhaifu ya nyuklia zinavyoungana, hesabu zao zikafika mahali pamoja. Mwenye imani hakupata alama za ziada, na asiye na imani hakupunguziwa.

Mchungaji wako naye sitamfichia. Dunia ya miaka elfu saba haipatanishwi na sayansi, na wala usipoteze usiku mmoja kujaribu. Pale Laetoli, kusini ya Oldupai, mwaka 1978 kikosi cha Mary Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, kilikuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu mabichi ya volkano. Majivu hayo yamepimwa umri kwa kuangalia potasiamu iliyogeuka polepole kuwa gesi ya agoni: miaka milioni 3 na laki 6 na ushei. Ziko ndani ya nchi yetu. Anayesema ni uongo wa shetani anawaambia vijana wachague kati ya Mungu na macho yao, na wengi wakishafika chuoni huchagua macho. Hilo ndilo linaloniuma. Augustino, askofu wa Hippo, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi tunayoiita leo Algeria, alilionya kanisa jambo hili hili alipokuwa akifafanua kitabu cha Mwanzo. Alisema ni aibu Mkristo kunena yasiyo na kichwa wala miguu juu ya ardhi na nyota mbele ya mtu asiyeamini lakini anayezijua, maana huyo atawezaje kukiamini kitabu kile kikimweleza habari za ufufuo?

Kuna njia ya tatu ambayo utashawishika kuishika ili upumzike, nayo ndiyo ninayoiogopa zaidi. Ni ile ya kusema kwamba sayansi imethibitisha maandiko. Upande wetu Waislamu tunayo mno. Ugunduzi ukitangazwa leo, kesho video inazunguka kwenye WhatsApp kwamba ulikuwemo kwenye Kurani tangu zamani. Watu wanaipenda kwa nia njema. Lakini sikiliza kisa cha padri Georges Lemaître wa Ubelgiji.

Huyu alipata upadri mwaka 1923, akasomea fizikia mpaka mwisho. Mwaka 1927 alichapisha hesabu zinazoonyesha kwamba ulimwengu unatanuka, na Einstein mwenyewe hakukubaliana naye wakati ule. Mwaka 1931 akaenda mbele zaidi, akapendekeza kwamba vyote vilianzia kwenye kitu kimoja kidogo mno, wazo lililokuja kuitwa mlipuko mkuu. Novemba 1951 Papa Pius XII, akihutubia Akademia ya Kipapa ya Sayansi, aliizungumzia nadharia ya mwanzo wa ulimwengu kana kwamba imeyashuhudia yale maneno "iwe nuru". Padri gani asingefurahi, kazi yake kusifiwa na Papa? Lemaître hakufurahi hata kidogo. Alifanya jitihada maneno yale yasirudiwe, na mwaka uliofuata, Papa alipozungumza na wataalamu wa elimu ya nyota waliokutana Roma, hakuyarudia. Msimamo wa Lemaître ulikuwa kwamba nadharia yake iko nje kabisa ya maswali ya dini: asiyeamini ana uhuru wa kuikataa au kuikubali, na anayeamini vivyo hivyo. Aliamini Mungu vya kutosha asihitaji darubini imtetee.

Na alikuwa na haki kwa sababu nyingine ya kawaida kabisa. Nadharia hurekebishwa, ndiyo kazi yake. Aya uliyoibandika kwenye nadharia ya mwaka huu, utaipeleka wapi nadharia ikibadilika?

Kwa hiyo ukiniuliza wanawezaje, jibu langu ni kwamba wale ninaowaheshimu wanakataa kusema uongo pande zote mbili. Theodosius Dobzhansky, mmoja wa wataalamu wakubwa wa jenetiki wa karne iliyopita, alikuwa Mkristo wa Kiorthodoksi. Mwaka 1973 aliwaandikia walimu wa baiolojia kwamba bila mageuko hakuna kinachoeleweka katika baiolojia, na katika makala hiyo hiyo akasema ni kosa kuyageuza Maandiko Matakatifu kuwa kitabu cha kiada cha baiolojia na elimu ya nyota. Kwetu, Ibn Rushd, kadhi wa Cordoba aliyefariki mwaka 1198, aliliweka kwa ufupi: ukweli haupingani na ukweli.

Wengine watakuambia uvitenganishe: sayansi ina eneo lake, dini ina lake. Stephen Jay Gould, mtaalamu wa visukuku, aliitetea rai hiyo mwaka 1997. Inasaidia kiasi, lakini kwako haitoshi, na sababu unaijua. Nabii yule alitamka jambo kuhusu damu. Damu inapimwa. Mtu akivuka akaingia kwenye hemoglobini, amekubali kupimwa, awe na upako au asiwe nao. Kinachobaki nje ya kipimo ni kikubwa bado. Kwa nini uamke usiku kumkanda mtoto asiye wako? Kwa nini baba yenu aliimbiwa? Hakuna kemikali utakayotia kwenye kioo ikujibu hayo, na ukiona yana uzito kwako, hujapungukiwa akili.

Nimeyapitia hayo haraka kwa sababu sidhani kwamba siku sita za uumbaji ndizo zinazokusumbua. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na donda liko mwishoni, kwenye magoti.

Jeni ile ina historia yake hapa kwetu. Anthony Allison, daktari aliyelelewa Kenya, alizunguka mwaka 1949 akikusanya damu za watu. Aligundua kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Victoria zaidi ya watu 20 katika 100 walikuwa na nakala moja ya selimundu, na nyanda za juu hawakufika hata mmoja katika 100. Ramani ile ilikuwa ramani ya malaria. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi wake kwamba nakala moja inakinga. Watu wa ziwa ni wenu, watu wa pwani ni wetu. Mimi na wewe tupo kwa sababu mababu fulani hawakufa na malaria utotoni, na kila kizazi kimelilipia hilo kwa watoto kama mwanenu, mmoja kati ya wanne kila wazazi wawili wenye nakala moja moja wanapopata mimba.

Hilo ni zito, na lilimlemea hata Darwin. Binti yake Annie alifariki mwaka 1851 akiwa na miaka kumi. Mwaka 1860 alimwandikia rafiki yake Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Harvard na Mkristo thabiti, kwamba hawezi kujishawishi kuwa Mungu mwema alikusudia kuumba nyigu ambao watoto wao hula kiwavi akiwa hai. Gray aliusoma ushahidi ule ule, akawa mtetezi mkubwa wa Darwin huko Marekani, na akaendelea kuamini. Wawili hao waliendelea kuandikiana. Kwa hiyo usidhani kwamba elimu ikifika kiwango fulani itakuamulia.

Mimi siwezi kukuambia kwa nini Mungu ameumba kwa njia hiyo. Atakayekupa jibu la haraka, awe mchungaji au shehe, usilipokee. Lakini kuna kitu kwenye Biblia yenu nataka ukakisome usiku huu, mwisho wa kitabu cha Ayubu. Ayubu amelalamika sura baada ya sura, amemshtaki Mungu waziwazi. Rafiki zake wamekuwa wakimtetea Mungu kwa maneno mazuri ya dini. Halafu Mungu anawakasirikia hao waliomtetea, anasema hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wake Ayubu. Basi ukipiga magoti, mweleze ulichokiona kwenye hadubini. Mweleze kwa majina yake, hemoglobini na seli zilizojikunja na mtoto aliyekuwa anachezea glavu. Usimpambie. Dada yako anadhani imani ni kutokutazama, na hapo ndipo ninapotofautiana naye.

Suala la Adamu na Hawa nalo usilisukume chini ya mkeka. Jenetiki unayosoma inaonyesha kwamba hakuna dalili ya binadamu wa leo kuanzia kwa watu wawili peke yao. Wapo wanasayansi Wakristo wanaowasoma hao wawili kama mfano wa wanadamu wote, wapo wanaowaona kama watu wawili walioitwa kutoka kundi kubwa. Kwetu wapo wasomi wanaoyakubali mageuko kwa mimea na wanyama na kumtenga Adamu peke yake. Mimi sijatosheka na jibu hata moja kati ya hayo, na swala sijaacha.

Mtoto wa dinosaria mjibu Jumapili hii. Mwambie dinosaria wale wakubwa walikwisha miaka milioni 66 iliyopita, zamani mno kabla hajakuwepo mtu wa kushika nyundo. Mwambie pia kwamba waliishi mpaka kwetu. Kule Tendaguru, Lindi, Wajerumani walichimba mifupa kati ya mwaka 1909 na 1913, wapagazi wakaibeba kwa miguu mpaka pwani, na mmoja wao amesimamishwa jumba la makumbusho Berlin, kimo chake kinapita mita 13. Kisha wasimulie Nuhu kwa ukamilifu wake, hasira, maji, njiwa na agano. Watoto wa miaka tisa wanaweza kubeba vyote viwili. Mkubwa anapokwepa ndipo wanapojua kuna kitu kimefichwa.

Amina kwa jambo unalojua si kweli usiitikie tena, nyamaza tu. Na chuoni usicheke.

Mchungaji mwendee siku ya kazi, mkiwa wawili, kwa heshima ya binti wa mzee wa kanisa. Usianze na umri wa dunia. Mwombe kwanza jambo moja: aende nawe kwa dada yako na aseme kwa kinywa chake kwamba kumeza dawa si kukosa imani. Wachungaji wengi wanaoyapinga mageuko hawana ugomvi wowote na hospitali, na neno lake pale nyumbani lina uzito kuliko langu na lako. Akikubali, mshukuru, mpange siku ya kliniki. Habari za Laetoli mtazungumza wakati mwingine, na kama atakuondoa kwenye darasa la watoto kwa ajili hiyo, kwaya usiiache.

Shangazi